Kila Dirisha Linaficha Mhimili Mmoja

Wanaoanza kutengeneza gemu za 3D hufundishwa mapema kuhusu vitu: namna ya kusimamisha ukuta, kuupaka rangi, kuwasha taa, kumfanya mchezaji atembee. Wachache hufundishwa kutazama. Kihariri cha leveli, yaani programu ya kujengea mandhari ambamo gemu inachezwa, hufunguka kikiwa na dirisha moja kubwa linaloonyesha mandhari kama macho yanavyoyazoea, na kwa sababu hiyo mwanafunzi huchukulia kwamba kutazama hakuhitaji somo. Anashika kipanya, anazungusha, anasogea, anaona mahali, anaweka kitu. Nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya muda unaopotea katika kujenga leveli haipotei kwenye ujenzi wenyewe, bali kwenye madirisha: mtu hajui amesimama wapi, anatazama kutoka upande gani, na dirisha lililo mbele yake linamficha nini.

Nasema haya kutokana na kazi iliyo mezani kwangu. Pamoja na vijana wachache wanaokuja kujifunza kwangu hapa Lindi mjini, ninajenga leveli inayofuata mabaki ya Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya genge la bahari huko Kilwa Kisiwani, mashariki ya mji wa kale. Ni jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye nyua kubwa, vyumba vingi, ngazi za kushukia baharini, na kile ambacho kila mgeni hukiulizia kwanza, yaani birika la kuogelea lenye pande nane. Kwa mtu anayejifunza madirisha, sijui jengo lingine la karibu yetu linalomfaa zaidi. Sakafu zake haziko kwenye kimo kimoja, lina mteremko, na lina umbo ambalo halikubali kulala lote sambamba na gridi, ile miraba ya vipimo ambayo kihariri huichora.

Mfano mmoja utatosha. Kijana mmoja aliweka mtungi kwenye ukingo wa birika, upande wa mbali. Katika dirisha la kamera, lile linaloonyesha mandhari kama jicho linavyoyaona, mtungi ulikuwa umetulia kabisa juu ya jiwe, na kwa kuwa taa hazikuwa zimewashwa, hapakuwa na kivuli cha kuusuta. Nilipomwambia kwamba unaelea, alinitazama kama mtu anayeonewa.

“Mwalimu, mbona umekaa vizuri tu?”

“Fungua dirisha la ubavuni, kijana wangu, halafu uniambie.”

Alifungua. Mtungi ulikuwa hewani, karibu nusu mita juu ya ukingo, na ulikuwa umeisogelea kamera kiasi kwamba chini yake hapakuwa na jiwe lolote, bali shimo la birika lenyewe.

Sababu yake ni ya kihesabu. Skrini ni bapa, kwa hiyo nukta unayoibofya ina namba mbili tu, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini, ilhali ulimwengu wa gemu unadai namba tatu. Kwa hiyo nukta ya skrini inawakilisha mstari mzima unaotoka kwenye jicho la kamera hadi mwisho wa upeo, na kila kitu kilicho juu ya mstari huo huonekana kimekaa mahali pamoja. Mtungi uliotua ukingoni na mtungi unaoelea karibu na kamera unaweza kuziba pikseli zilezile. Ukiuburuza mtungi bila kushika mshale wa mhimili wowote, yaani X ya kulia na kushoto, Y ya juu na chini, au Z ya mbele na nyuma, Godot, programu tunayojengea, huusogeza kwenye bapa linaloelekeana na kamera, na bapa hilo hubadilika kila unapogeuza shingo. Namba ya tatu basi haikutoka kwa kijana wangu. Ilitoka kwenye pembe ambayo kamera ilikuwa imesimama wakati ule, na yeye hakuwa ameichagua pembe hiyo kwa makusudi yoyote.

Madirisha bapa, yaani la juu, la mbele na la ubavuni, nayo yanaficha, lakini unajua mapema yanachoficha. Dirisha la juu halikuonyeshi kimo. Dirisha la mbele halikuonyeshi umbali kati ya kitu cha mbele na cha nyuma. La ubavuni halikuonyeshi kulia na kushoto. Miale yake haikutani kwenye jicho moja, inakwenda sambamba, na ndiyo maana kitu hakikui kwa kuwa karibu wala hakisinyai kwa kuwa mbali: nguzo mbili zenye unene sawa zitabaki na unene sawa hata kama moja iko mwisho wa ua. Fundi mwashi haamini jicho lake kuhusu ukuta. Ana timazi ya kupimia wima na pima maji ya kupimia ulalo, wala hatumii kimoja badala ya kingine. Ndivyo madirisha mawili bapa yanavyofanya kazi. La kwanza linatoa namba mbili, la pili linatoa ile iliyokosekana, na namba moja inajirudia katika yote mawili kama ushahidi kwamba unatazama kitu kilekile. Mfaransa Gaspard Monge aliyaweka mawazo haya katika mfumo wa kijiometri mwishoni mwa karne ya 18, muda mrefu kabla hajazaliwa mtu wa kuhitaji kihariri cha gemu.

Historia ya gemu inaonyesha vizuri lini dirisha moja linatosha na lini halitoshi. Ramani za gemu ya Doom ya mwaka 1993 zilikuwa, kwa hakika, michoro ya kutoka juu, ambamo kila eneo lilipewa kimo cha sakafu na kimo cha dari. Chumba hakikuweza kukaa juu ya chumba kingine. Kwa hiyo mtengenezaji wa ramani aliweza kufanya karibu kazi yote katika dirisha moja la juu, vimo akiviandika kwa namba. Quake ya mwaka 1996 iliondoa kizuizi hicho: sasa daraja liliweza kupita juu ya ukumbi, na mchoro wa juu peke yake ukawa haueleweki, kwa kuwa mstari uleule ungeweza kuwa wa daraja au wa sakafu iliyo chini yake. Mwaka huohuo ilitoka Worldcraft, programu ya Ben Morris, iliyoigawa skrini sehemu nne: kamera, juu, mbele na ubavuni. Kampuni ya Valve iliichukua na kuitumia kujengea gemu ya Half-Life ya mwaka 1998, na baadaye ikaitwa Hammer. Anayefungua kihariri leo na kukuta mpangilio wa madirisha manne asidhani kwamba ni urembo wa wahandisi.

Sisi tunatumia Godot, kwa sababu haina malipo, msimbo wake uko wazi tangu mwaka 2014, na inakubali kufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ambazo vijana wanazo, si zile tunazotamani wangekuwa nazo. Ndani yake, Ctrl pamoja na 4 huligawa dirisha mara nne, na Ctrl pamoja na 1 hulirudisha kuwa moja. Ila kila dirisha linalofunguka ni picha nyingine ambayo kompyuta inapaswa kuichora upya, na kwa joto la mchana wa pwani, feni ya kompyuta hukutangazia jambo hilo kabla hujaliona kwenye skrini. Kila dirisha lina menyu yake kwenye kona ya juu kushoto. Humo unaweza kuliagiza lichore kwa nusu ya pikseli za upana na nusu ya zile za kimo, au lionyeshe vitu bila hesabu za mwanga. Madirisha bapa hayahitaji vivuli hata kidogo. Mimi binafsi sikai na manne kwa muda mrefu. Nikishaweka mpango wa jumla hubaki na mawili, la kamera na moja bapa, na hilo bapa hulibadilisha kulingana na mhimili ninaoutilia shaka.

Dirisha la juu ndilo tulilolianza, na sababu yake ni kwamba wanaakiolojia walikwisha kutufanyia nusu ya kazi. Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akatoa kitabu chake mwaka 1974, na mchoro wa sakafu wa kasri uliotokana na kazi ile, ukiufikiria vizuri, ni dirisha la juu lililochapwa kwenye karatasi. Picha ya mchoro wa namna hiyo unailaza sakafuni kama mkeka, kisha unaikuza au kuipunguza hadi kipimo cha mita kilichochorwa pembeni mwake kilingane na gridi. Katika Godot uniti moja ni mita moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Aliyezoea Unreal, programu nyingine ya kutengenezea gemu, ambako uniti moja ni sentimita moja, na ambako mhimili wa kwenda juu ni Z badala ya Y, inabidi ajizoeshe upya. Kaskazini tumeiweka upande wa Z hasi, kwa kuwa ukitazama kutoka juu katika Godot, Z hasi ndiyo inayoelekea juu ya skrini, na mchoro unasomeka kama ramani ya kawaida. Siku tutakayofika kwenye Msikiti Mkuu mpangilio huu utatusaidia pia, kwani Makka iko karibu kaskazini kamili ya Kilwa, na mihrabu inapaswa kuwa juu ya skrini.

Tatizo la dirisha la juu ni dari. Mara tu unapoezeka chumba, dirisha hilo linakuonyesha paa na si kingine. Wengi hapo ndipo wanapolikimbia na kurudi kwenye kamera, ilhali dawa iko kwenye orodha ya vitu: weka mapaa yote chini ya kundi moja, na ulizime kundi hilo kwa alama ya jicho kila unapotaka kufanya kazi ndani. Kundi la mapaa lisilokuwepo tangu mwanzo ni gharama utakayoilipa kila siku.

Sasa nije kwenye kutembea kwenyewe, ambako ndiko kwenye manung’uniko mengi. Kuna namna mbili za kusogeza kamera, nazo hazibadilishani kazi. Ya kwanza ni kuzunguka: unashikilia kitufe cha kati cha kipanya, na kamera inazunguka nukta fulani iliyo mbele yake. Ya pili ni kuruka: unashikilia kitufe cha kulia, unaelekeza uso kwa kipanya, na unakwenda kwa W, A, S na D. Kuzunguka kunafaa unapochunguza kitu kimoja. Kuruka kunafaa unapohama kutoka ua mmoja kwenda mwingine. Anayelazimisha kuzunguka pekee ajenge kasri zima ataona kamera “imekwama”: anaviringisha gurudumu ili asogee mbele, kila hatua inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, na mwishowe hasogei kabisa ingawa mlango bado uko mbele.

Huko kukwama si hitilafu. Nukta inayozungukwa haionekani kwenye skrini, na gurudumu huisogeza kamera kuelekea kwenye nukta hiyo kwa sehemu ya umbali uliobaki. Ukiikaribia, umbali uliobaki ni mdogo, na hatua nayo inakuwa ndogo. Nukta ikiwa imeachwa katikati ya chumba kingine, utakaribia katikati ya chumba hicho milele. Kinyume chake pia hutokea: nukta imebaki mbali sana, nawe ukigusa kipanya kidogo tu kasri zima linaruka nje ya skrini, kwa sababu kamera inazunguka kitu kilicho upande wa pili wa genge. Dawa ya yote mawili ni kitufe F. Unachagua kitu unachokishughulikia, unabonyeza F, na nukta inahamia juu yake. Unity na Unreal nazo hutumia F kwa kazi hiyohiyo. Ningeruhusiwa kumfundisha mwanafunzi kitufe kimoja tu cha kihariri, ningemfundisha hicho, na zile njia za mkato za kuhifadhi na kunakili angezipata mwenyewe njiani.

Kuruka nako kuna shida yake ya mwendo. Mwendo unaofaa kuvuka kisiwa utakugongesha ukutani ukiwa chumbani, na unaofaa chumbani utakuchosha ukitaka kufika ufukweni. Ukiwa bado umeshikilia kitufe cha kulia, viringisha gurudumu: mwendo unapungua au kuongezeka. Vijana wengi hulijua jambo hili kwa bahati, wakidhani wameharibu kitu.

Kompyuta mpakato nyingi ndogo hazina safu ya namba pembeni, na Godot imeweka mitazamo yake kwenye namba hizo: 7 kwa juu, 1 kwa mbele, 3 kwa kulia, 5 kwa kubadilisha kati ya bapa na kamera. Katika mipangilio ya kihariri upo uwezekano wa kuzifanya namba za juu ya kibodi zishike nafasi hiyo, na mwingine wa kuiga kitufe cha kati kwa wanaotumia padi ya kugusa. Mwekeeni kijana mipangilio hiyo siku ya kwanza. Padi ya kugusa, hata hivyo, itabaki kuwa mateso. Kipanya cha bei ya chini kabisa dukani ni bora kuliko padi ya kompyuta ya gharama.

Kuna mtego mmoja unaostahili tahadhari. Uko kwenye dirisha la juu, umetulia, unapanga nguzo, kisha kidole kinateleza na dirisha linainama kidogo sana, nyuzi chache tu, kiasi ambacho jicho halitambui. Kuanzia hapo unaburuza vitu ukiamini unabadilisha namba mbili, kumbe unaigusa na ya tatu. Ndiyo maana nawasisitizia vijana wasome maandishi ya kwenye kona ya dirisha kabla ya kuburuza kitu chochote, kwa kuwa ndiyo yanayosema kama bado uko juu au umeshatoka. Asiyetaka kusoma ashike mshale wa mhimili, mwekundu kwa X, wa kijani kwa Y, wa buluu kwa Z, na kitu hakitatoka kwenye mstari huo hata dirisha likiinama vipi.

Baada ya kuyasifu madirisha bapa kiasi hiki, ni haki niseme dirisha la kamera ni la nini. Ni la kuhukumu. Mchezaji hatakuwa na dirisha la juu. Atakuwa na jicho moja lililo kwenye kimo cha mtu, na ua uliopangwa kwa usahihi wa sentimita unaweza kumsonga au kumpoteza. Watengenezaji hujidanganya hapa kwa kuruka juu ya leveli kama tai, wakaona nafasi tele kila mahali. Shuka chini. Weka kamera ya gemu yenyewe kwenye kimo cha mita 1.6 hivi, washa onyesho lake, kisha tembea. Angalia pia upana wa jicho lake, ambao Godot huanza nao kwenye nyuzi 75, kwa sababu jicho pana huvifanya vyumba vionekane vikubwa kuliko vilivyo na korido ndefu kuliko zilivyo. Jicho la kihariri na jicho la gemu yakitofautiana, utakuwa umehukumu chumba ambacho mchezaji hatakiona kamwe.

Wapo wanaojenga ndani ya dirisha la kamera na kufanikiwa. TrenchBroom, kihariri cha Kristian Duske kwa ajili ya Quake na jamaa zake, kiliundwa kwa nia hiyo hasa, nacho kinafanya kazi vizuri. Lakini tazama kinavyofanya: ukiburuza kitu, kinasogea kwenye ulalo peke yake, na kimo hakiguswi mpaka ushikilie Alt. Kwa maneno mengine, programu imekuamulia mapema mhimili upi ufichwe, kazi ambayo dirisha bapa lingeifanya. Sina ugomvi na njia hiyo. Nina ugomvi na kuburuza bila mtu yeyote kuamua.

Nao usahihi wa madirisha bapa una mpaka, na birika la pande nane ndilo lililotulazimisha kuushughulikia. Dirisha bapa hutoa urefu wa kweli kwa kitu kilicho sambamba nalo tu. Pande nne za birika zinafuata mihimili. Nyingine nne zimekaa kwa nyuzi 45. Chukua, kwa mfano, upande wa mita 2: ukiutazama ule wa mshazari kutoka dirisha la mbele, utaupima mita 1.41 tu, kwa sababu sehemu ya urefu wake inakwenda kwenye kina ambacho dirisha hilo linakificha. Kijana anayepima humo “atarekebisha” upande uliokuwa sahihi. Kuunasa kwenye gridi ya nusu mita hakusaidii, kwani 1.41 haigawanyiki kwa nusu. Tulichofanya ni kujenga upande mmoja ulionyooka na mhimili, pamoja na ngazi zake za kuketia, tukauweka chini ya nukta moja iliyo katikati ya birika, kisha tukaunakili na kuugeuza kwa nyuzi 45 kuizunguka nukta hiyo hadi umbo likafunga. Vipimo vyote vinachukuliwa kwenye ule upande wa kwanza. Ukilazimika kusogeza kitu kwenye upande wa mshazari, bonyeza T ili mishale ifuate mwelekeo wa kitu chenyewe badala ya ule wa ulimwengu, na kitasogea sambamba na jiwe lake.

Ngazi zinazoshuka kuelekea baharini tumeziwekea utaratibu huohuo. Zinajengwa zikiwa zimenyooka na Z, mbali na genge, katika dirisha la ubavuni ambamo kila kidato kinaonekana kwa kimo na upana wake halisi. Zikikamilika, kundi zima linapelekwa mahali pake na kugeuzwa mara moja. Kikionekana kidato kimekosewa, haturekebishi pale gengeni. Tunalirudisha kundi kwenye mwelekeo wake wa mwanzo, tunafungua dirisha la ubavuni, tunarekebisha, kisha tunaligeuza tena kwa namba ileile tuliyoiandika kando ya mchoro.